Kanisa Lolote Isipokuwa Holmen

Asubuhi ile ya mwezi wa Mei Regitze Holck alikuwa amesimama mbele ya kanisa kuu la Bibi Yetu, ameegemea nguzo, akisubiri kundi lake likamilike. Kazi yake ilikuwa kutembeza watu kwenye makanisa na majengo ya kale ya Kopenhagen, na alikuwa ameifanya tangu hajafikisha miaka thelathini. Siku hiyo alikuwa amekodiwa na wastaafu wa parokia moja ya Thy, kaskazini mwa rasi ya Jutland, waliofika kwa basi jana yake na waliokuwa wameshauchoka mji kabla hata hawajauona. Nafasi chache zilizobaki aliwauzia watu wengine waliotaka kujiunga.

Mwenye nafasi moja kati ya hizo alifika wa mwisho. Alikuwa mzee mrefu aliyevaa koti la mvua la kijani na kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali. Alionyesha tiketi kwenye simu yake kama walivyofanya wenzake, akaenda kusimama nyuma. Regitze aliitazama tiketi kwanza. Alipoinua macho kumtazama mwenyewe, akamwona baba yake.

Walikuwa hawajazungumza kwa miaka saba. Egon Holck alikuwa fundi mkuu wa injini katika meli ya mizigo iliyokuwa ikienda Greenland na kurudi. Mke wake, Vibeke, alipougua saratani ya mifupa, madaktari walisema atafika kiangazi lakini hatakimaliza. Meli ilipotakiwa kuondoka, Egon alipanda. Regitze alihamia nyumbani kwa wazazi wake, kule Dragør, kisiwani Amager, akamwogesha mama yake, akamlisha, akamgeuza kitandani usiku na mchana. Vibeke alifariki mwezi wa Juni. Egon alipewa habari akiwa bandarini Nuuk, huko Greenland. Kulikuwa na ndege, na kampuni ilikubali kumlipia nauli, lakini alirudi na meli yake ileile, mazishi yakiwa yameshapita. Regitze alimfungulia mlango, akampa funguo za nyumba, akamwambia asimpigie simu tena. Egon aliendelea kupiga. Regitze hakupokea, na mwishowe baba akawa anapiga siku ya kuzaliwa kwake na siku ya Krismasi tu.

Sasa alikuwa amesimama nyuma ya mabibi wa Thy, ameikunja kofia mkononi, tiketi ameilipia. Huwezi kumfukuza mtu aliyelipa. Regitze aliwasalimu wote kwa pamoja, akawafungulia mlango wa kanisa.

Kanisa lile ni jeupe ndani, kubwa na la baridi, na Mitume wa marumaru wamesimama pande zote mbili mpaka mbele, alipo Kristo mwenyewe amenyoosha mikono. Regitze alieleza jinsi kanisa la awali lilivyopigwa mizinga na Waingereza na kuteketea, na jinsi hili lilivyojengwa mahali pake. Wageni walisikiliza kwa heshima, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Thorkild, mfugaji wa nguruwe mwenye mabega kama mlango wa ghala, ambaye tangu asubuhi alikuwa amejipa kazi ya kuwapima watu wa Kopenhagen na kuwakuta wamepungua. Alipita akimkagua Mtume mmoja baada ya mwingine, kisha akamwambia mkewe Gerda kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kwenye kinanda kwamba wanaume hawa hawakuwahi kulima hata siku moja, mikono yao ilikuwa laini mno.

"Na huko kwetu kanisa ni dogo," aliongeza, akimgeukia Regitze, "lakini Jumapili lina watu ndani. Hapa kwenu naona lina sanamu."

"Sanamu hazikohoi wakati wa mahubiri," Regitze alimjibu, na wazee wakacheka.

Ndipo Egon aliponyoosha mkono kama mwanafunzi. Regitze alijifanya hamwoni, lakini Gerda alimgusa bega, akamwambia kuna bwana ana swali.

"Nilitaka kuuliza," Egon alisema. "Mtu akitaka kufungia ndoa katika kanisa la mji huu, na si mtu wa parokia hiyo, anaanzia wapi?"

"Kwa mchungaji," Regitze alisema bila kumtazama. "Twendeni."

Kutoka pale walikwenda Mnara wa Mviringo, ambao si mbali. Ndani ya mnara ule hakuna ngazi ila mwishoni kabisa. Kuna njia pana ya matofali inayozunguka ikipanda taratibu, iliyotengenezwa hivyo zamani ili mizigo ya vitabu na vyombo vya kutazamia nyota iweze kupandishwa. Thorkild alisimama mwanzo wa njia ile, mikono kiunoni, akasema watu wa Kopenhagen wamejenga mnara halafu wamesahau kuweka ngazi, na kwamba angekuwa na mnara kama huu kwake angepandisha nguruwe. Regitze alicheka. Alimpenda mzee huyu. Watu wa namna yake humrahisishia mwongozaji kazi, maana wengine wote hukaa macho wakisubiri atakalosema.

Egon alipanda akiwa sambamba na Gerda. Regitze alikuwa mbele, lakini kuta za mnara zilileta maneno yao mpaka kwake. Gerda alikuwa akimuuliza kama ametembea peke yake, na Egon akajibu kwamba ndiyo, amekuja kumwona mtu. Gerda akauliza kama ameshamwona. Egon akasema amemwona, ila mtu mwenyewe bado ana kazi.

Kituo cha tatu kilikuwa Kanisa la Holmen, kando ya mfereji. Hilo ni kanisa la mabaharia. Jengo lake lilikuwa kiwanda cha kufulia nanga kabla mfalme hajaligeuza kuwa nyumba ya ibada, na mpaka leo meli ndogo za mbao zinaning'inia kutoka darini. Vibeke alisomewa ibada ya mazishi hapo. Tangu siku hiyo Regitze alikuwa na maelezo mafupi ya Holmen: nanga, mfalme, meli, mimbari, asanteni, tutoke. Wenzake wa kazi walijua na hawakumuuliza.

Safari hii aliyasema haraka zaidi. Alipohesabu vichwa, akakuta kimoja kimepungua. Alichungulia mlangoni. Egon hakuwa ameingia. Alikuwa amesimama kando ya maji, mgongo kwa kanisa, akiangalia ng'ambo ya mfereji, kule jengo la kale la Soko la Hisa, lililoungua moto, lilipokuwa limezungukwa na majukwaa ya mafundi. Regitze alisikia hasira ikimpanda kifuani. Hata leo hawezi kuingia, alijiwazia. Kasafiri kutoka Dragør, kalipa, katembea asubuhi nzima, halafu hatua hizi chache zimemshinda.

Walikula chakula cha mchana kwenye mabenchi ya ukingoni. Kila mtu alitoa mkate wake mweusi uliopakwa ini la kusaga au kuwekewa samaki wa siki, na Thorkild akalalamika kwamba kwa bei ya kahawa waliyouziwa pale kona, kwao angepata ng'ombe mzima wa kuitilia maziwa. Egon alimsogelea binti yake akiwa na kipande cha mkate kilichofungwa kwenye karatasi. Regitze alisema ameshiba, ingawa alikuwa hajala kitu. Egon akakirudisha kipande mfukoni.

Baada ya hapo walivuka daraja, wakaingia mtaa wa Christianshavn, kwenda Kanisa la Mwokozi Wetu. Hilo ndilo ambalo wageni wengi hulisubiri. Mnara wake una ngazi inayotokea nje. Unapanda kwanza ndani, kwenye mbao zinazolia na kengele kubwa zikiwa kando yako, kisha unafungua kijimlango na kujikuta hewani, ukikizunguka kilele kwa nje juu ya vidato vya shaba, na kingo pekee ni reli inayokufikia kiunoni au zaidi kidogo. Kadiri unavyopanda ndivyo ngazi inavyozidi kuwa nyembamba, mpaka mwisho inakuwa haimtoshi mtu na kupotea chini ya tufe la dhahabu.

Regitze aliwaonyesha kwanza tembo wawili waliobeba kinanda kikubwa ndani ya kanisa, akawaambia kwamba anayeogopa kimo abaki na tembo, si aibu, yeye mwenyewe alishawahi kuteremsha mwanajeshi. Nusu ya kundi walibaki. Gerda alikaa kwenye kiti, akavua viatu. Thorkild alisema amepanda maghala ya nafaka tangu utotoni na hawezi kutishwa na kanisa. Egon naye alipanda. Regitze aliwatanguliza wote, akawa wa mwisho, kama ilivyokuwa kawaida yake.

Huko juu kulikuwa na upepo, si wa kutisha, lakini wa kutosha kuzipiga nguo. Regitze alipotokeza nje ya kijimlango alisikia sauti za watu wakinung'unika kwamba njia imeziba. Alipanda mzunguko mmoja, akamkuta Thorkild. Alikuwa ameketi kwenye kidato, ameikumbatia reli kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeokolewa majini, macho kayafumba. Uso ulikuwa umepoteza rangi. Juu yake walikuwa wamesimama vijana wawili waliotaka kushuka na hawakuwa na pa kupita.

Regitze aliijua hali hiyo. Alichuchumaa, akamwambia kwa upole afungue macho amtazame yeye, asitazame chini. Thorkild alitikisa kichwa. Alimwambia apumue naye. Thorkild akasema, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, kwamba amwache hapo. Regitze alipomshika mkono ili kuulegeza kutoka kwenye reli, mzee yule alitoa mlio ambao uliwanyamazisha hata wale vijana.

Egon alikuwa ameshafika juu na alikuwa akiteremka. Aliwaomba vijana wajibane ukutani, akapita, akamruka Thorkild kwa uangalifu, akaketi kwenye kidato kilicho chini yake, karibu kabisa, miguu yao ikigusana. Hakumgusa mkono.

"Nguruwe wako, wewe huwalisha nini?" aliuliza.

Thorkild aliikaza mikono kwenye reli. Egon akauliza tena, kwa sauti ileile ya mtu aliyeketi jikoni. Safari hii Thorkild alisema shayiri. Shayiri tupu? Shayiri na ngano, na maharagwe ya soya, ila soya imekuwa ghali. Egon akasema hajui kitu kuhusu nguruwe, yeye ni mtu wa injini, lakini angependa kujua, nguruwe jike akikataa kulala chini wakati wa kuzaa anafanywaje. Thorkild alieleza. Aliendelea kufumba macho, lakini alieleza, na katikati ya maelezo Egon akamwambia, "Sasa sogeza kalio kidato kimoja. Reli usiiache. Endelea, umesema unampiga wapi?"

"Simpigi. Namkuna tumboni."

"Unamkuna tumboni, basi. Kidato kingine."

Hivyo ndivyo walivyoteremka, wamekaa kitako kama watoto wanaojifunza ngazi, kidato kwa kidato, huku Thorkild akimfundisha fundi wa meli ukunga wa nguruwe. Regitze alikuwa mbele yao akiwasafishia njia. Baba alikuwa akigeuza kichwa na kumtupia neno moja moja, naye akilijibu.

"Kuna watu?"

"Watatu wanapanda. Nawarudisha."

"Mlango?"

"Bado mzunguko mmoja. Kuna kidato chenye maji, mwambie."

Kwa muda wote huo Regitze alisahau kwamba hawazungumzi. Alikumbuka walipofika kwenye kijimlango, Thorkild alipoingia ndani kwa magoti na kulala kifudifudi kwenye mbao. Egon alikaa kando yake, mkono mgongoni pake, akisubiri. Alisubiri muda mrefu sana. Watu walipita, wakawaruka, na hakuonyesha dalili ya kuharakishwa na lolote. Regitze alimtazama, na furaha ya kumwokoa mtu ikamtoka yote, pakabaki kitu kichungu.

Chini, Gerda alimpokea mumewe bila maneno mengi, akamnywesha kahawa ya chupa. Thorkild alikaa baina ya tembo wawili mpaka rangi ilipomrudia. Halafu aliwatangazia wenzake kwamba mnara huu umejengwa ovyo, unazunguka upande usiofaa, na ndiyo maana kichwa chake kilikataa. Ungezunguka upande wa kulia angefika juu na kurudi. Walicheka wote, na hakuna aliyemchokoza. Alipompa Egon mkono alimshika kwa mikono miwili, akasema akifika Thy asilale hotelini.

Regitze aliwapa wageni nafasi ya kununua kadi za posta. Akatoka nje kwenye kiwanja cha kanisa. Alijua baba atamfuata, na alimfuata.

"Ulikuwa na subira naye," Regitze alisema.

"Alikuwa anaogopa."

"Mama naye alikuwa anaogopa."

Egon alivua kofia. Nywele zake zilikuwa zimepungua sana tangu siku ile ya mlangoni.

"Huyu nilijua tutafika chini," alisema. "Mama yako nilijua hafiki popote. Nisingeweza kukaa pale nikimtazama."

"Kwani mimi niliweza?"

"Hapana. Lakini ulikaa."

Regitze alikuwa ameandaa maneno mengi kwa miaka yote hiyo. Alikuwa ameyasema akiwa bafuni, akiwa kwenye baiskeli, akiwa anapika. Kilichomjia sasa ni swali tu, akamuuliza amefuata nini leo.

Egon alimweleza. Kulikuwa na mwanamke, jina lake Birthe, mjane, aliyekuwa akikatisha tiketi kwenye feri mpaka alipostaafu. Walikuwa pamoja kwa mwaka na nusu sasa. Walitaka kuoana.

"Kwa umri wako huo?"

"Ndio umri nilio nao."

Alisema Birthe alitaka ndoa ifungwe Holmen, maana baba yake na babu yake walikuwa wanamaji na walioa pale. Egon alimwambia kanisa hilo si lake kuliamulia, lina mwenyewe, na mwenyewe ni binti yake. Alikuwa amempigia simu miaka yote bila kujibiwa, na barua aliogopa kuiandika vibaya. Ndipo alipoona tangazo la matembezi. Akafikiri, pale hawezi kunikatia.

"Leo hukuingia hata mlangoni," Regitze alisema.

"Sikuona kama nina haki ya kuingia kabla hujasema."

Hilo hakulitegemea. Aligeuka akatazama barabara ili baba asiuone uso wake. Baiskeli zilipita. Mwanamke mmoja alikuwa akimvuta mbwa asiyetaka kwenda.

"Holmen, hapana," alisema hatimaye.

"Sawa."

"Usiseme sawa haraka hivyo."

"Niseme nini, mwanangu?"

"Sijui. Lakini Holmen hapana."

Egon alivaa kofia yake, akasema amesikia. Hakuomba zaidi. Kundi lilipotoka aliwaaga, akaelekea kituo cha treni, na Regitze akawasindikiza watu wa Thy mpaka kwenye basi lao.

Alikaa na jambo hilo zaidi ya wiki moja. Alijaribu kukasirika kama zamani na hasira ilikuja, ila sasa ilikuja na picha ya mzee ameketi kwenye kidato cha shaba akiuliza habari za nguruwe, na picha hiyo iliiharibu hasira. Hakumsamehe. Aliliangalia neno hilo, akaona si lake, angalau bado. Lakini kuzuia watu wasioane hakukuwa kazi yake, na makanisa alikuwa anayajua kuliko mtu yeyote katika ukoo wao. Jumatano alimwandikia baba yake ujumbe mfupi: Jumamosi saa nne, mbele ya Kanisa la Marumaru, uje na Birthe, vaeni viatu vya kutembelea.

Birthe alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutangazia abiria. Alimpa Regitze mkono, wala hakujaribu kumkumbatia. Waliingia chini ya kuba kubwa lile, lenye michoro ya Mitume juu kabisa na sauti zinazorudi, na Birthe akazunguka mara moja, kichwa amekiinua.

"Ni zuri," alisema. "Lakini sisi tutakuwa wageni ishirini. Humu tutaonekana kama watu waliopotelewa na kundi lao."

Walikwenda jingine, ambalo Egon alilipenda, lakini lilikuwa limeshachukuliwa mpaka mwakani. Jingine lilikuwa na baridi. Mahali fulani kati ya hilo na linalofuata, Egon akiwa ametangulia kununua mikate mitamu, Birthe alipunguza mwendo.

"Nilitaja Holmen kwa kutojua," alisema. "Aliponieleza mambo ya mama yako, nilimtukana. Hata leo namtukana nikikumbuka."

"Na bado unaolewa naye."

"Naam. Nimemwambia nikiugua akapanda meli, nitamfuata huko huko." Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Regitze swali hilo kwa muda mrefu. Watu waliomjua Vibeke hawakuwa na haja ya kuuliza, na wasiomjua waliogopa. Alianza kwa kusema mama yake alikuwa mwalimu wa kuogelea, kisha akaeleza kwamba alikuwa na mzaha mbaya, na kwamba alikuwa akiimba vibaya kwa makusudi kanisani ili mtoto wake acheke na kukemewa. Alizungumza mpaka Egon aliporudi na mfuko wa mikate, na aliporudi hakunyamaza. Alimalizia kisa chake mbele yake. Egon alisikiliza akiwa ameushika mfuko kwa mikono miwili.

Mwishowe walifika Kanisa la Kristian, lililo Christianshavn karibu na maji. Ndani limejengwa kama ukumbi wa maigizo, roshani zimepangwa juu ya roshani kuzunguka pande tatu, na viti vyake vimetazama madhabahu kama jukwaa. Birthe aliketi safu ya mbele, akageuka kutazama juu, akasema miaka arobaini amekaa kwenye kibanda akitazamwa na abiria, na hapa atatazamwa kwa mara nyingine moja, basi iwe hapa. Egon alimtazama binti yake.

"Hapa pazuri," Regitze alisema.

Ndoa ilifungwa Agosti, Jumamosi yenye manyunyu. Regitze alikuja amevaa gauni la bluu, akapanda roshani ya pili, akakaa peke yake. Kutoka pale aliona upara wa baba yake na mikono yake alipokuwa akivisha pete. Alikuwa amepanga kuondoka ibada ikiisha. Lakini Birthe alimsubiri chini ya ngazi, akiwa na maua mkononi, akamwambia kuna kiti chenye jina lake, na kama hataki kukikalia hatakikalia mtu mwingine.

Karamu ilikuwa kwenye ukumbi mdogo wa chama cha wavuvi kule Dragør. Kulikuwa na samaki wa siki, nyama ya nguruwe yenye ngozi kavu na viazi vilivyokaangwa kwa sukari. Hotuba zilikuwa nyingi, kama kawaida: kaka wa Birthe alisimama, kisha jirani, kisha mtu aliyewahi kufanya kazi na Egon melini na aliyesahau katikati alichotaka kusema. Ukumbi ulipotulia, Regitze aligonga glasi yake kwa kisu na kusimama. Hakuwa ameandika chochote. Egon aliweka uma chini.

"Mimi ni Regitze, binti wa Egon," alisema. "Mama yangu aliitwa Vibeke. Wengi wenu hamkumjua. Angekuwepo hapa angeimba vibaya kanisani leo na nyote mngemgeukia. Nimekuja kwa sababu Birthe aliniuliza habari zake. Ninamtakia Birthe afya njema. Wewe baba, safari hii usiende popote."

Akaketi. Watu walitazama sahani zao, hawajui kama wanapaswa kunywa. Birthe ndiye aliyesimama kwanza, akainua glasi yake.

"Kwa Vibeke," alisema, kwa sauti ile ya feri.

Wote walisimama. Egon alisimama wa mwisho, akishika meza, akanywa akimtazama binti yake, machozi yakimtoka bila yeye kujishughulisha kuyafuta. Regitze naye alikunywa. Waliketi tena, viti vikagongana, na mtu fulani upande wa dirishani akaanza kugonga sahani yake kwa uma, kisha wengine wakamuunga mkono mpaka ukumbi wote ukawa unagonga, kuwataka maharusi wabusiane. Maharusi walisimama, wakabusiana. Regitze hakugonga. Alivuta bakuli la viazi karibu, akajipakulia tena, kisha akampitishia kaka wa Birthe, ambaye alikuwa ameanza kumuuliza kama ni kweli, kama Egon alivyomsimulia, kwamba mnara wa Mwokozi unazunguka upande usiofaa.